Injera ya Wubalem

Kila Jumamosi Mama Wubalem alishuka kutoka kijijini kwetu mpaka mji tuliosomea, akiwa amebeba injera zetu za wiki nzima, ile mikate mipana na laini ya kwetu, zangu na za binti yake Wubalem. Mama yangu ana goti bovu na hauwezi ule mteremko, kwa hiyo alizioka Ijumaa akampelekea jirani yake, na jirani akazibeba zote mgongoni. Zangu zilifungwa kwa kitambaa cha buluu. Za Wubalem zilifungwa kwa kitambaa cheupe chenye pindo jekundu. Kumi na nne zangu, kumi na nne zake, pamoja na unga wa shiro wa kupikia mchuzi, na pilipili iliyosagwa ndani ya vichupa vya dawa ya kikohozi.

Tulikutana naye sokoni, pale wanapouza nguzo za mikaratusi. Alipenda kupumzika juu ya nguzo hizo, na mwenye nguzo, mzee Bitew, alimfukuza kila wiki kwa maneno yaleyale.

"Wewe mama, hizo ni za kuuza, si za kukalia."

"Nazipasha moto zipate wateja."

Jumamosi ya kwanza nilipokwenda peke yangu, alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Ana masomo ya ziada, mama. Hesabu."

"Jumamosi?"

"Mwalimu ndiye kasema."

Alifurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alimgeukia mzee Bitew akiwa na uso wote umefunguka. "Umesikia? Binti yangu anasoma hata siku ya soko."

"Basi mwambie aje anihesabie umezikalia nguzo zangu mara ngapi."

Nikapokea furushi la buluu na furushi jeupe, nikarudi chumbani. Wubalem alikuwa ameondoka siku mbili kabla, Alhamisi, na dalali anayepeleka wasichana nchi za Waarabu.

Alhamisi ile alikuwa amevua sweta ya shule akaikunja vizuri juu ya godoro, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mimi nilikaa mlangoni nikiwa nimeshika kitabu ambacho sikuwa nakisoma.

"Usimwambie mama mpaka nipige simu kutoka huko," aliniambia. "Wiki mbili tu, Banchi. Akijua sasa atatuma kaka zangu wanirudishe njiani. Niapie."

"Na mimi nitakaa na nani?"

"Wewe una vitabu vyako."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akiniona hivyo kweli, kama mtu ambaye hahitaji kitu kingine. Yeye shule haikumwingia. Alichotaka ni kumwezekea mama yake nyumba kwa bati, na alikuwa amekwisha kuhesabu ni mabati mangapi. Niliapa. Aliacha viatu vyake vya plastiki mlangoni kwa sababu dalali alimletea vipya.

Chumba kilikuwa cha Mama Tewabech. Alikuwa na vyumba vinne uani, vyote vya wanafunzi kutoka milimani, na sharti lake lilikuwa moja: wasichana wawiliwawili. "Msichana mmoja chumbani ni maneno," alisema siku baba aliponileta, na baba akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa na sharti hilohilo moyoni. Kwa hiyo nilijua. Siku itakayojulikana kwamba Wubalem hayupo, baba atashuka kunichukua, na mtihani wa taifa wa darasa la kumi utafanywa na wengine.

Nilikuwa nautaka mtihani ule kwa sababu ya mtu mmoja niliyemwona nikiwa na miaka kumi. Watu wa ardhi walikuja kijijini kwetu kupima mashamba ili kila mtu apewe cheti chake. Wanaume walishika kamba, wengine wakashika vigingi, wakawa wanapiga kelele kuhusu mipaka tangu asubuhi. Lakini aliyekuwa anaandika alikuwa msichana, mwembamba, amevaa kofia ya jua. Kila walipofika pembe ya shamba aliinua mkono, na wote wakanyamaza wakamngoja amalize kuandika. Hata baba alingoja. Hata shemasi. Sikujua kwamba mtu anaweza kungojwa namna ile bila kusema neno. Mimi ambaye maneno hunikwama, niliona ile ni kazi yangu.

Basi nikaanza kuishi kama watu wawili. Asubuhi nilivigeuza viatu vya Wubalem, leo vielekee ndani, kesho vielekee nje. Nikiwa napika niliongea kwa sauti kidogo, "Haya, chumvi imetosha?" na nikaona haya hata mbele ya sufuria. Kigumu kuliko vyote kilikuwa kula. Tulikuwa tumezoea kukaa pande mbili za sinia moja, kila mtu akila kuelekea katikati mpaka vidole vikutane. Na lile tonge la mwisho Wubalem alinilisha mimi kwa mkono wake, kisha la pili, maana kwetu hakuna mtu anayemlisha mwenzake tonge moja akaacha. Moja ni ugomvi. Sasa nilikula upande wangu nikafika katikati, na mkono ukasimama wenyewe. Upande wake ulibaki mzima, mchuzi ukikauka juu yake.

Injera haisubiri. Siku ya nne inaanza kuota kuvu, vidoa vya kijani vidogo kama vya wino. Nilijitahidi kula na zake, nikashindwa, na kutupa chakula kilichopandishwa na kushushwa mlima mgongoni mwa mtu sikuweza. Nikawa nazikatakata vipande, nazianika juu ya ungo nyuma ya chumba, na zikishakauka kama magamba nazitia kwenye gunia. Gunia likanenepa.

Wiki mbili zikapita. Simu ya Mama Tewabech, ambayo ndiyo Wubalem angepigia, ililia mara nyingi, na kila ilipolia niliacha kuandika. Hakuniita.

Shuleni tulikaa watatu kwenye dawati moja. Mwalimu alipoita jina la Wubalem siku tano mfululizo bila jibu, alilikata kwa kalamu akaendelea na jina lililofuata. Simegn, aliyekaa pembeni, alisogeza kiwiko chake akalijaza pengo. Simegn alikuwa akitembea mbali kuja shule, na nilisikia akilalamika kwamba anatafuta chumba. Nilijiambia nitamwuliza. Nilirudia maneno hayo njiani kote: una mtu wa kukaa naye, una mtu wa kukaa naye. Nikasimama mbele yake wakati wa mapumziko.

"Unasemaje, Banchi?"

"Una rula?"

Akanipa rula. Wiki iliyofuata alihamia na binamu yake karibu na kinu.

Jumamosi zikaendelea, na mimi nikaendelea kusema. Kwamba Wubalem amefua mablanketi hawezi kuyaacha. Kwamba tumbo linamuuma. Kwamba kwaya ya kanisa imemwita. Mama Wubalem hakuwa mjinga. Nadhani alichotaka ni kuamini, na kila neno nililompa alilipokea kwa mikono miwili. Kwa lile la tumbo alifungua kona ya shuka lake akanipa tangawizi. "Mwambie aichemshe, asiitafune kavu. Namjua kichwa chake."

Jumamosi ya sita alileta siagi, imefungwa ndani ya jani la mgomba, kubwa kama ngumi mbili. Timkat, sikukuu ya ubatizo, ilikuwa inakaribia, na hakuna msichana anayekwenda kwenye sherehe ya maji nywele zikiwa kavu.

"Hii ya nywele zake. Yako mama yako atakutumia."

"Ndiyo, mama."

"Na mwambie wiki ijayo hata kama mwalimu kalala mlangoni, aje. Nimemsahau sura."

Alicheka aliposema hivyo. Mzee Bitew naye akacheka.

*

Jumatano iliyofuata nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama Tewabech amesimama nyuma ya chumba, mikono kiunoni, anautazama ungo wangu.

"Hii nini?"

"Injera kavu, mama."

"Kwamba ni kavu naona. Sijapofuka. Nauliza ya nani."

"Yetu."

"Yenu." Aliokota kipande akakivunja, kikalia kama kijiti. "Nimekaa na wanafunzi miaka kumi na moja mimi. Wanafunzi wawili ikifika Alhamisi wanakuja kuniomba. Mwanafunzi anayeanika sijamwona."

Nilianza kukusanya vipande.

"Kila asubuhi nakuona unavigeuza vile viatu. Nikasema labda mwenzio mgonjwa. Halafu nikasema labda ana mimba anajificha. Nikangoja uniambie. Kaenda wapi?"

Nikamwambia. Sauti ilitoka ndogo mpaka ikabidi ainame. Niliposema "nchi za Waarabu" alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kushika shavu.

"Na mama yake anakuja hapa kila wiki na mzigo mgongoni."

"Niliapa, mama. Alisema atapiga simu."

"Wiki ngapi?"

"Ya saba hii."

Kuku walikuja kuchungulia ungo, Mama Tewabech akawafukuza kwa mguu bila kuwatazama.

"Jumamosi utamwambia. Usipomwambia wewe, mimi nitakwenda sokoni na kumwambia mbele ya watu. Na ukishamwambia, chumba nitampa mwingine. Mtu mmoja simweki."

"Baba atanichukua."

"Atakuchukua."

"Na mtihani?"

"Mwanangu, mimi nakodisha vyumba," alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Mtihani siwezi kukufanyia."

Ijumaa, baada ya shule, nilifungua lile jani la siagi. Sijui hata leo kwa nini nilifanya vile. Nadhani ni kwa sababu ya harufu. Mama Wubalem alikuwa ameiponda na majani yake yale yanayoota kando ya mlango wake, na chumba kikanuka kama kijijini. Kupaka siagi ni kazi ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikimpaka Wubalem, naye akinipaka, akinivuta masikio kwa makusudi. Nilijipaka mwenyewe bila kioo. Ikanichuruzika shingoni, na nilikaa juu ya godoro nikiwa nimeinua kichwa ili isifike kwenye sweta ya shule.

Asubuhi jua la sokoni lilikuwa kali. Nilikuwa sijafika karibu na nguzo bado, siagi ikaanza kuyeyuka.

Mama Wubalem alikuwa tayari amekaa. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akavuta pumzi ya kuuliza. Halafu akanusa. Akanivuta kwa mkono akanusa tena, karibu kabisa na sikio.

"Hii siagi yangu."

"Ndiyo, mama."

"Kakugawia?"

Ningesema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo tu.

"Wubalem kakugawia siagi?" Alianza kucheka. "Yule? Dada yake alimwomba siku ya harusi yake akamnyima! Mzee Bitew, njoo usikie maajabu, binti yangu siku hizi anagawa..."

Alikuwa akicheka huku akinitazama nami nicheke.

"Hayupo, mama," nikasema.

"Kabaki nyumbani?"

"Hayupo mjini. Alikwenda na dalali. Nchi za Waarabu."

Kicheko hakikuisha mara moja. Kilibaki usoni muda mfupi kama kitu kilichosahauliwa hapo.

"Lini?"

"Alhamisi ile. Kabla ya masomo ya ziada."

"Masomo ya ziada ya hesabu."

"Hayakuwepo, mama."

"Na siku ya mablanketi?"

"Hakuwepo."

"Siku ya kwaya."

"Hakuwepo."

"Tumbo? Nilikupa tangawizi."

"Niliinywa mimi."

Aliuliza zote. Hakuruka Jumamosi hata moja, na hakupandisha sauti, alikuwa kama mtu anayerudi njia nzima akitafuta mahali alipodondosha kitu. Mzee Bitew alikuwa amekuja kusimama karibu. Alipoelewa, alijifanya anafunga kamba ya nguzo ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Kapiga simu?"

"Bado."

"Na injera zangu?"

"Nyingine nilikula. Nyingine nimezianika."

"Nionyeshe."

Tulikwenda chumbani. Mama Tewabech alitoka ndani kwake, akamsalimia kwa kuinama sana, akarudi. Mama Wubalem aliona viatu mlangoni. Aliingia, akagusa sweta iliyokunjwa, akalifungua gunia na kutia mkono mpaka chini. Vipande vikalia kama changarawe.

Nilitaka kumwambia kwamba sikutupa hata kimoja. Nilitaka kumwambia kuhusu sinia. Nikasimama tu, na siagi yake ikinitiririka kwenye paji la uso.

Alifunga gunia. Akalipandisha mgongoni, na juu yake furushi jeupe lenye injera mbichi alizokuwa ameleta asubuhi ileile. Vile viatu akavishika mkononi. La buluu aliliweka sakafuni.

"Hili la mama yako," alisema.

"Mama, hizo kavu ni nzito. Niachie nikubebee mpaka..."

"Nitazila mimi."

Akatoka. Hakupita tena kwenye nguzo.

*

Baba alikuja Jumatatu. Alikuwa amekwisha kusikia yote kabla ya kushuka. Alifunga godoro langu kwa kamba huku mimi nikiweka vitabu kwenye gunia, na alipomaliza akabaki amechuchumaa.

"Usingeniambia mimi?"

"Ungenichukua, baba."

"Sasa si nakuchukua?"

Kwa kawaida hapo ndipo mimi hunyamaza na mambo yanaamuliwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema jambo moja gumu wiki ile, na koo lilikuwa bado wazi.

"Nitatembea," nikasema.

"Utatembea wapi?"

"Kutoka nyumbani. Kila siku. Kwenda na kurudi."

"Ni masaa mawili na nusu ukiwa na miguu ya mbuzi. Na kupanda je? Na fisi?"

"Simegn alikuwa anatembea."

"Simegn anatoka upande wa tambarare!" Alisimama, akaitazama ndoo, akautazama mlango. "Utachoka wiki moja."

"Basi nikichoka nitaacha."

Alilifikiria hilo. Nadhani lilimfaa, kwa kuwa lingemalizika lenyewe bila yeye kulimaliza. "Geti la shule linafungwa saa mbili. Siku utakayofungiwa nje, umerudi nyumbani moja kwa moja, na usiniombe tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nilianza siku iliyofuata Timkat. Nilikuwa nikiondoka saa kumi na moja, baba akinisindikiza na rungu mpaka ukingo wa mlima ambako kunaanza kupambazuka, halafu anageuka bila kuaga. Baridi ya wakati ule inakaa kwenye mabua ya shayiri kama unga. Nilihesabu hatua. Kutoka ukingoni mpaka kijito elfu sita na mia nne, kutoka kijito mpaka barabara elfu saba na kidogo. Nilijiambia kwamba yule msichana wa kofia naye lazima alianza kwa kuhesabu. Ukweli ni kwamba bila kuhesabu nilikuwa nalia, na mtu hawezi kufanya yote mawili.

Nyumba ya Mama Wubalem ni ya mwisho kijijini, na njia inapita kwenye uzio wake. Saa ile alikuwa ameamka. Niliona moto kupitia nyufa za jiko, nikasikia harufu ya moshi wa majani ya mikaratusi na ule mlio wa unga uliokorogwa unapomiminwa juu ya kikaango cha moto. Kila siku nilisimama kidogo.

"Umeamkaje, Mama Wubalem?"

Mbwa alinijibu. Yeye hakujibu. Baba, pembeni yangu, alitazama miguu yake.

Mama yangu alijaribu kumwendea na goti lake. Alikuta mlango umefungwa na mtu yuko ndani. Kanisani Mama Wubalem alisimama upande mwingine wa wanawake. Watu walisema anakula injera kavu tu, amezilowesha kwenye maji ya pilipili, asubuhi na jioni, na mbichi anazooka anawapa kaka zake Wubalem. Simu haikupigwa. Mama Tewabech alikuwa akiningoja langoni kwake ninapopita kwenda shule, akitikisa kichwa kutoka mbali ili nisipoteze muda kwa kuuliza.

Nilichoka wiki ya pili, kama baba alivyosema. Sikumwambia. Darasani nililala macho yakiwa wazi. Mchana wenzangu walikwenda kula vyumbani mwao, mimi nikabaki na Simegn, kwani kinu kilikuwa mbali kwenda na kurudi mchana; alikuwa ameacha kunisogezea kiwiko lakini hakujua la kuniambia, na mimi sikujua la kumwambia. Tulibadilishana rula.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya nne. Mama alikuwa amelala na goti lililovimba tangu Alhamisi na hakuna aliyeoka. Nilijaribu mimi, nikaziunguza. Nilitoka nyumbani na ukosi wa sweta umejaa umande na shayiri ya kukaanga mfukoni, na nilikuwa nimechelewa. Baba alikuwa ameshikwa na ng'ombe aliyekuwa anazaa, akaniambia niende mbele, kunakucha. Nilipofika kwenye uzio kulikuwa kumekwisha kuwa kweupe. Sikusimama.

"Umeamkaje, Mama Wubalem," nilisema nikitembea.

"Wewe."

Nikasimama.

Alikuwa mlangoni mwa jiko, amejitanda shuka, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekonda.

"Leo huna baba?"

"Ana ng'ombe anazaa."

"Umekula?"

"Nina shayiri."

"Shayiri ni ya kuku." Alirudi ndani. Nilitazama anga upande wa mashariki. Jua lilikuwa karibu kutoka, na mimi huwa kwenye kijito likitoka. Geti, nikawaza. Geti. Nilisogeza mguu mmoja.

Alitoka na injera moja ya moto juu ya kiganja, mvuke ukipanda. Akaja mpaka kwenye uzio. Alikata kipande, akakikunja juu ya kitu ndani, akakikunja tena, na kuinua mkono juu ya miiba. Mikono yangu ilikuwa na vitabu. Nikafungua mdomo kama mtoto.

Lilikuwa tonge kubwa, karibu linizibe pumzi. Ndani alikuwa ametia pilipili na siagi.

Alinitazama nikitafuna. "Kila asubuhi nasikia hatua zako na za baba yako," alisema. "Natega sikio nisikie kama kuna za tatu."

Sikuweza kusema, mdomo ulikuwa umejaa. Machozi yakatoka, na sikujua ni ya pilipili au ya nini.

"Usingeniambia siku ileile? Angekuwa bado njiani. Kaka zake wangemkuta."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo. Wangemkuta. Nilikuwa nimelijua hilo wiki zote saba, kila nilipolifungua lile furushi jeupe.

Jua likagusa kilele cha mikaratusi. Nilimeza. Tonge moja lilikuwa limeisha, na mkono wake ulikuwa umeshuka, umeshika injera iliyokatwa, hauendi mbele wala nyuma. Kama angerudi ndani hivyo ningejua ni ugomvi. Na saa ile nilikuwa nimechelewa kiasi kwamba kila pumzi ilikuwa sehemu ya njia. Ningeweza kusema, asante mama, na kukimbia.

Nilingoja.

Mbwa alikuja akalala kwenye miguu yake. Yeye alitazama njia, upande ule inakoshukia, muda mrefu. Halafu alikata kipande kingine, taratibu, akakikunja, akakikunja tena.

"Sogea," alisema. "Mkono wangu haufiki."

Nikasogea mpaka miiba ikanishika sweta. Akanilisha la pili.

"Haya nenda. Watakufungia."

Nilikimbia. Nilikimbia mteremko wote na vitabu kifuani, nikavuka kijito bila kuvua viatu, na sikuhesabu hata hatua moja. Mama Tewabech alikuwa langoni kwake. Alitikisa kichwa kutoka mbali, hapana, bado, nami nikainua mkono nikapita. Mlinzi wa shule alikuwa ameshika mnyororo.

"Wewe wa mlimani! Unatembea au unachumbiwa? Kimbia!"

Alilisukuma geti likabaki upana wa mtu mmoja. Nilipita kwa ubavu, mdomoni nikiwa bado na siagi yake, ile yenye majani ya mlangoni kwake.